Safari ya usiku mbugani: mwongozo kamili kwa anayekwenda mara ya kwanza

Nuru mbili ndogo zilikuwa zikidunda nyikani mbele yetu, juu chini, juu chini, kama mtoto anayekimbia na tochi mkononi. Dereva akazima injini. Mwongozaji akaisogeza kurunzi yake nyekundu pembeni kidogo, na hapo ndipo nilipomwona mwenye nuru zile: mnyama wa kilo 3 hivi, masikio kama ya sungura, mkia mrefu wenye kishungi cheusi, anaruka kwa miguu ya nyuma huku ya mbele ameikunja kifuani. "Huyo kamendegere," mwongozaji akanong'ona. Nimezaliwa na kulelewa Kenya, nimeingia mbugani mchana tangu safari za shule, na sikuwahi kumwona, kwa kuwa mchana yuko shimoni amelala.

Hiyo ilikuwa hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Tangu siku hiyo nimekwenda safari za usiku kila nilipopata nafasi, na nimeona watu wa aina mbili wakishuka garini saa tatu usiku: walio na furaha tele na walionuna. Walionuna karibu wote walikwenda kumtafuta simba. Simba unaweza kumwona asubuhi, tena vizuri zaidi. Usiku ni wa wale ambao mchana hawapo, na ni wa masikio kuliko macho. Ukilikubali hilo kabla ya kulipa, mengine yote yatakuwa mepesi.

Jua kwanza ni wapi inaruhusiwa

Si kila mbuga hufungua mlango wa usiku. Kenya, katika mbuga za taifa zilizo chini ya KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya), na ndani ya Hifadhi ya Maasai Mara yenyewe, magari ya watalii hayatembei baada ya giza kuingia. Safari za usiku hufanyika kwenye hifadhi binafsi na za jamii: Ol Pejeta na Lewa huko karibu na Mlima Kenya, na zile zinazopakana na Mara kama Naboisho, Olare Motorogi na Mara North, ambako ardhi ni ya familia za Kimaasai wanaolipwa kodi ili ibaki malisho ya wanyama. Kule Mara, kwa kawaida ni lazima uwe umelala kwenye kambi iliyo ndani ya hifadhi ile.

Tanzania, Ziwa Manyara na Tarangire zina safari za usiku kwa kibali maalumu, na askari wa hifadhi mwenye silaha hupanda nanyi. Uganda, Ziwa Mburo linapendwa sana kwa jambo hili, nako utafuatana na askari wa UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Rwanda kuna Akagera, ambako simba walirudishwa mwaka 2015 na vifaru weusi mwaka 2017. Waongozaji wa hifadhi yenyewe ndio wanaokutembeza. Kruger ya Afrika Kusini huendesha magari yake kutoka kambini baada ya malango kufungwa.

Utaona jambo moja linajirudia kote: hakuna mahali unapoachiwa uende mwenyewe na gari lako. Chukua Ol Pejeta. Ina vifaru weusi zaidi ya 100, na ndiko wanakoishi Najin na Fatu, majike wawili waliobaki wa kifaru mweupe wa kaskazini duniani kote. Walinzi wenye silaha wanapiga doria usiku kucha. Gari wasilolijua likionekana gizani, kwao hilo si gari la mtalii. Kwa hiyo mtu akikuambia getini au mjini kwamba anaweza kukuingiza kimyakimya usiku kwa bei ya kirafiki, mkatalie na uondoke.

Kuweka nafasi, na maswali ya kuuliza

Ada ya safari ya usiku hulipwa mbali na ada ya kiingilio. Beba kitambulisho, maana raia na wakazi wa Afrika Mashariki mara nyingi wana bei yao, na tofauti yake na bei ya mgeni wa mbali ni kubwa. Bila kitambulisho unaweza kutozwa ya mgeni. Hifadhi nyingi siku hizi hazipokei pesa taslimu, basi weka pesa kwenye simu mapema. Mtandao wa mbugani hauaminiki.

Piga simu, usitegemee ujumbe tu. Uliza gari ni la wazi au la kufungwa. Uliza mtakuwa wangapi. Zaidi ya sita kwenye gari moja, wa katikati haoni kitu. Uliza kama dereva na mshika kurunzi ni watu wawili, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuendesha kwenye mashimo na kutafuta macho vichakani kwa wakati mmoja. Uliza wanatumia taa ya rangi gani. Ukijibiwa "nyekundu" bila kusita, hapo umefika kwa watu wanaojua kazi. Ukiambiwa "kubwa sana, utaona kila kitu", endelea kutafuta.

Kisha omba jambo moja ambalo Waafrika wengi tunaona haya kuliomba: kuongozwa kwa Kiswahili. Waongozaji wamezoea kueleza kwa Kiingereza maneno waliyofundishwa chuoni. Ukimwambia, "Kaka, tuongee Kiswahili tu," utasikia mengine kabisa: bibi yake alimwitaje fungo, kwa nini kwao bundi hatajwi usiku, fisi alivyoingia zizini mwaka wa ukame na mbwa gani aliyemtoa. Usiku mmoja mwongozaji aliyelelewa kwenye manyatta alitueleza jinsi walivyokuwa wakijua chui yuko karibu kwa ukimya wa mbuzi. Sidhani ningeyasikia hayo kwa lugha nyingine.

Chagua usiku wako kwa kuutazama mwezi

Wengi huchagua Jumamosi. Chagua mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, wanyama wadogo hujificha, kwani bundi na paka wa porini wanawaona waziwazi. Kamendegere hubaki karibu na shimo lake. Simba nao huwinda kwa shida mwezi ukiwa mpevu, kwa vile swala wanawaona wakinyemelea. Usiku wa giza ndio usiku wa kazi.

Ila giza totoro nalo lina kasoro yake: huoni umbo la nchi, na baada ya saa moja unajihisi uko ndani ya kisanduku. Usiku ninaoupenda mimi ni ule wa siku tatu hadi sita baada ya mwezi kukamilika. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo siku hizo unaanza safari gizani, wanyama wako nje, na unaporudi au baadaye kidogo mwezi unapanda ukiangaza tambarare yote. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kazi rahisi: tarehe 14 na 15 mwezi umejaa, basi lenga kuanzia tarehe 18.

Kuhusu majira, kiangazi ni bora. Nyasi ni fupi, na macho ya mnyama mdogo hayafichiki. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Laikipia hugeuka gundi. Nimewahi kukaa saa nzima tukilisukuma gari huku askari akimulika pande zote. Mvua ikinyesha mchana wa siku yenu, kubalini kuahirisha.

Nguo na begi

Baridi ndiyo inayoharibu safari nyingi kuliko kukosa wanyama. Ol Pejeta iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mchana ulikuwa na fulana, ukadhani unajua hali ya hewa. Sasa ongeza upepo wa gari la wazi. Vaa suruali nene, soksi, sweta na jaketi la kuzuia upepo juu yake, na kofia inayofunika masikio. Shuka la Kimaasai la kufunika magoti litakusaidia kuliko koti la pili. Manyara na maeneo ya chini hakuna baridi hiyo, lakini mbu wapo, basi mikono mirefu na dawa ya mbu.

Jaketi lisiwe la kitambaa kinachokwaruza kila ukisogea. Mtu mmoja wa namna hiyo huwanyima wote kusikia. Darubini beba hata usiku, hasa yenye lenzi pana. Maji kidogo tu. Nenda msalani kabla ya kupanda, kwa sababu huko hakuna kushuka nyuma ya kichaka.

Nusu saa ya kwanza

Kwenye nchi zetu za Ikweta jua halichelewi. Saa 12:30 jioni linazama, na kabla ya saa 1:00 giza limeshaingia. Safari nyingi huondoka kati ya saa hizo na huchukua saa mbili hadi tatu. Fika mapema uchague kiti. Kiti cha mbele juu kina upepo. Cha nyuma kina vumbi na mtikisiko. Mimi hukaa safu ya pili, upande wa mshika kurunzi.

Mwongozaji atatoa maelezo: msisimame ghafla, msitoe mikono nje, mseme kwa sauti ya chini. Lile la kutosimama lishike sana. Simba au tembo aliyezoea magari hulitazama gari na watu wake kama kitu kimoja kikubwa. Mtu akisimama, umbo hilo linavunjika, na mnyama anaanza kufikiria upya.

Halafu zima simu. Macho ya binadamu huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kulizoea giza barabara, na mwanga wa kioo cha simu kwa sekunde chache tu hukurudisha mwanzo, wewe na jirani yako. Niko mkali kwenye hili. Nimewahi kumwomba baba mmoja, mtu mzima wa heshima zake, "Mzee, samahani, naomba tuzime hiyo taa." Alizima. Baada ya robo saa yeye ndiye aliyemwona mondo wa kwanza, yule paka wa porini, kabla ya mwongozaji.

Taa, na adabu yake

Mara yangu ya pili kwenda safari ya usiku, mahali ambapo sitapataja, mshika kurunzi alikuwa na taa nyeupe yenye nguvu. Tulikuta kundi la swala pala na akawamulika usoni. Wakasimama kama waliogandishwa. Sisi tukapiga picha, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema, "Hapohapo, usiitoe." Taa ilipotolewa, swala mmoja mchanga aliruka kwa kishindo akaparamia kichaka cha miiba, akahangaika humo huku akilia. Hakuwa akiona chochote. Tuliondoka, na fisi walikuwa wakiita si mbali. Sijui kilichompata, na mpaka leo najutia lile neno langu.

Kwa hiyo hii ndiyo sehemu ya mwongozo ninayotaka uishike hata ukisahau mengine. Wanyama wa mchana, yaani swala, pundamilia, nyumbu, twiga, hawamulikwi usiku. Mwanga mkali huwapofusha kwa muda, na dakika hizo ndizo anazozitaka mwindaji. Mwongozaji mzuri akigundua kwamba macho yale ni ya swala, huiondoa taa papo hapo. Akikuta simba wanawinda, huizima kabisa, ili asisaidie upande wowote. Wanyama wa usiku humulikwa kwa taa nyekundu, ambayo wengi wao huihisi kwa uhafifu, na hata hiyo hailengwi machoni: ukingo wa duara la mwanga ndio umguse mnyama, si kitovu chake. Mnyama mwenye watoto, au anayegeuza kichwa kuukwepa mwanga, aachwe.

Ukiona taa inakaa usoni kwa mnyama, una haki ya kusema. Sema kwa upole: "Kaka, tumpunguzie mwanga kidogo." Waongozaji wengi wamezoeshwa na wateja kumulika zaidi, na wakipata mteja anayetaka kinyume chake, nimeona wakifurahi.

Kusoma macho

Nyuma ya jicho la wanyama wengi wa usiku kuna utando unaourudisha mwanga nje, ili mwanga uleule mdogo utumike mara mbili. Ndiyo maana macho yao huwaka yakimulikwa. Sisi hatuna utando huo, na nyani na tumbili hawana pia, hivyo usitarajie kuwaona kwa njia hii.

Watu huuliza rangi. Rangi hudanganya, hubadilika kwa pembe ya taa. Angalia badala yake urefu kutoka ardhini, umbali kati ya jicho na jicho, na mwendo. Macho mengi pamoja, yanainama na kuinuka: kundi la wala nyasi, taa iondoke. Macho mawili yanayokutazama moja kwa moja bila kuyumba, usawa wa magoti: mwindaji, simamisha gari. Nuru zinazodunda: kamendegere, au sungura akiwa chini zaidi. Nuru kali juu ya mgunga, inatoweka na kutokea tawi la tatu kwa kufumba na kufumbua: komba. Watu wa pwani tunamjua kwa sifa ya kuiba tembo la mnazi, hadi tukasema mlevi kama komba. Huku bara utamkuta akilamba utomvu wa miti na kukamata wadudu, na mruko wake ukiuona mara moja utamheshimu. Vijimeta vya kijani nyasini, vidogo kama ncha ya sindano, ni buibui.

Katikati ya barabara kuna jicho moja jekundu lililolala chini kabisa? Huyo ni kipasuasanda, ndege wa usiku, amekaa juu ya udongo. Mwambie dereva apunguze mwendo. Huwa hawaruki mpaka gurudumu liwe karibu, na wengi hufa hivyo.

Wengine wa kumwomba Mungu uwaone: bweha masikio, anayeinamisha kichwa akisikiliza wadudu chini ya ardhi, kanu mwenye mkia wa mistari, fungo, nungunungu, nyegere. Fisi mdogo, ambaye ni fisi kwa ukoo lakini hula mchwa na hana haja na mizoga. Fisi miraba kwa walio Laikipia. Na muhanga, mchimbaji mkuu ambaye mashimo yake hukaliwa na nusu ya wanyama wa mbugani. Nimemwona mara moja tu, mgongo wake, akiingia kichakani.

Kuzima injini

Angalau mara mbili katika safari, omba gari lizimwe na taa zote zizimwe, dakika tano kamili. Dakika ya kwanza utasikia injini ikipoa, na mtu akikohoa. Ya pili, chenene na vyura. Ya tatu masikio yanafunguka.

Fisi madoa huita kwa sauti inayoanza chini na kupanda juu ghafla mwishoni, tena na tena. Chui hukoroma kama msumeno unaokata ubao, mbele na nyuma. Simba huanza kwa ngurumo ndefu mbili tatu, kisha hukatakata kwa mikoromo mifupi inayofifia. Usiku mtulivu husikika hata kilomita 8, kwa hiyo usimwambie dereva "tumfuate" ukidhani yuko kichaka cha pili. Pundamilia hubweka kama mbwa mdogo. Swala pala hupiga chafya kali ya onyo, na ukiisikia geuka kule anakotazama. Penye maji utasikia kitu kama mashine ya kukata nyasi: viboko wametoka kulisha, na kila mmoja atakula kilo 40 hivi za majani kabla ya alfajiri.

Watoto wangu hupenda dakika hizi kuliko kitu chochote, ingawa nilidhani wangeogopa. Hifadhi nyingine zina umri wa chini unaokubaliwa, uliza kabla ya kuwaahidi. Mtoto wa chini ya miaka sita mara nyingi hulala njiani, na si vibaya.

Picha

Simu ya kawaida haitakupa picha nzuri, na ukihangaika nayo utakosa safari. Mwenye kamera atumie lenzi iliyofunguka sana, f/2.8 kama anayo, ISO ya juu, na kuiegemeza kamera kwenye mfuko wa mchele uliowekwa ukingoni mwa gari, injini ikiwa imezimwa. Fleshi hapana. Rekodi sauti badala yake. Hiyo simu yoyote inaweza.

Mkisharudi

Bakshishi mpe mwongozaji na dereva kila mtu yake, mkononi, kwa jina lake. Wakati kumbukumbu ingali mbichi, kaa karibu na moto uandike ulichokiona, pamoja na jina la mnyama kwa lugha ya kwenu. Kama hulijui, mpigie simu mjomba au shangazi kesho yake umuulize.

Usitembee peke yako hadi hemani, hata kama ni hatua ishirini. Subiri askari wa kambi akusindikize. Usipite kati ya maji na mahali unaposikia kiboko akilisha, kwa kuwa akishtuka hukimbilia majini na wewe utakuwa njiani mwake. Funga zipu ya hema hadi chini. Na viatu vya ngozi ingiza ndani. Fisi hupita usiku wa manane na huvichukua, kimoja kimoja.